"Sikuona" nayo ni taarifa: nilivyorekebisha jukwaa la kuripoti wanyama wanaohama

Taarifa ya mnyama anayehama husimama juu ya mambo manne: ni mnyama gani, alionekana wapi, lini, na mwangalizi alitumia muda gani kuangalia. Jukwaa nililopewa kulirekebisha lilikuwa likikusanya matatu ya kwanza kwa ulegevu, na la nne halikuwamo kabisa. Wajitoleaji walituma mbayuwayu, korongo, vipepeo na nyangumi, ramani ikajaa nukta, lakini ukiuliza kama mwaka huu wamewahi au wamechelewa, hapakuwa na jibu la kuaminika. Hapa naeleza nilichobadilisha na mahali kazi ilipokwama.

Kabla ya kugusa msimbo nilichukua chelezo ya hifadhidata nzima, nikaweka nakala yake kwenye seva ya majaribio, kisha nikachagua taarifa 300 kwa bahati nasibu na kuzisoma moja baada ya nyingine. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Makosa ya watumaji hayatawanyiki ovyo. Huja kwa mafungu, na kila fungu lina chanzo chake ndani ya fomu.

Fungu la kwanza lilikuwa la mahali. Kwenye Ghuba ya Guinea, pale latitudo 0 inapokutana na longitudo 0, palikuwa na rundo la korongo na vipepeo katikati ya bahari. Mtu akiacha kisanduku cha mahali wazi, programu iliandika sifuri badala ya kuacha patupu. Nilizifanya safu za mahali katika hifadhidata zikubali utupu, na sasa seva huikataa jozi ya 0 na 0. Kisha kuna alama ya hasi inayosahaulika: kusini mwa ikweta latitudo ni hasi, magharibi mwa Greenwich longitudo ni hasi, na kistari kimoja kikikosekana ndege anahamia upande wa pili wa dunia. Wengine hugeuza namba, longitudo ikakaa pa latitudo. Latitudo ikizidi 90 kosa hujifichua lenyewe, lakini chini ya hapo huwezi kuliona kwa macho. Nilichofanya ni kulinganisha nchi aliyoichagua mtumaji na nchi ambamo nukta imeangukia. Zikitofautiana, programu hujaribu kubadili alama au kugeuza namba, na ikiipata nchi iliyotajwa humwuliza mtumaji, "Je, ulikuwa hapa?" Haibadilishi chochote kabla hajajibu.

Lililonisumbua zaidi ni dakika zinazoandikwa kama desimali. Nyuzi 2 na dakika 30 ni 2.5, ila watu waliandika 2.30. Tofauti ya nyuzi 0.2 za latitudo ni kilomita 22 hivi, umbali unaotosha kumtoa ndege ziwani na kumweka mlimani, na nukta bado inabaki ndani ya nchi ileile, kwa hiyo ukaguzi wa nchi haumkamati. Dalili yake ipo kwenye kumbukumbu za mtu mmoja zikisomwa kwa pamoja: tazama tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta. Kama katika makumi ya taarifa hazijawahi kuvuka 59, mtu huyo anaandika dakika. Tuliwaandikia wote wa aina hiyo kabla ya kusahihisha. Kwenye fomu mpya njia ya kawaida ni kubonyeza ramani au kutumia mahali pa simu. Kisanduku cha kuandika namba bado kipo kwa wenye vifaa vya GPS, kikipokea nyuzi za desimali peke yake katika mfumo wa WGS84 ambao GPS huutumia, na mara tu ukiandika, nukta inaonekana kwenye picha ya satelaiti ili uithibitishe.

Kivinjari kinapotoa mahali pa simu hutoa pia namba ya tatu, nusu kipenyo, kwa mita, cha duara ambalo kuna uhakika wa asilimia 95 kwamba mtu yumo ndani yake. Jukwaa la zamani lilikuwa likiitupa namba hiyo. Ni hasara kubwa, maana simu iliyoshika satelaiti vizuri hukosea kwa mita chache, ilhali ile inayokisia kwa minara ya mtandao inaweza kukosea kwa kilomita, na zote mbili zitakuonyesha desimali nyingi zilezile. Sasa inahifadhiwa kwenye safu yake. Anayebandika nukta kwa mkono huchagua duara la mita 50, mita 500 au kilomita 5. Desimali tunazikata kwenye ya tano, ambayo kwenye ikweta ni kama mita 1.1, kwani zaidi ya hapo ni usahihi wa uongo. Na zile taarifa za zamani zilizorundikana kwenye nukta moja katikati ya mji hazikufutwa. Zilipewa duara la kilomita 5 na maelezo kwamba mahali palikisiwa kutokana na jina la mji.

Tarehe ilikuwa na mitego miwili. Wa kwanza, fomu ilijaza tarehe ya leo yenyewe. Aliyeona ndege Jumamosi akaandika Jumatatu alituma bila kuigusa, na taarifa ikawa ya Jumatatu. Niliondoa ujazaji huo, nikaweka vitufe vitatu vya "leo", "jana" na "siku nyingine", bila kimoja kuchaguliwa mapema. Wa pili ni 03/04, ambayo kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili na kwa mwingine ni Machi 4. Mwezi sasa huchaguliwa kwa jina, na ndani ya hifadhidata tarehe inakaa kwa mtindo wa kimataifa wa ISO 8601, mwaka ukitangulia, pamoja na tofauti ya saa za eneo husika na saa za UTC, yaani saa rejea ya dunia. Usihifadhi UTC peke yake ukaacha saa ya mahali. Ndege wengi wanaohama mchana hupita kwa wingi asubuhi, na mchambuzi anataka kujua ilikuwa saa ngapi pale mwangalizi aliposimama.

Sasa nifike kwenye jambo la nne, ambalo ndilo lililobadilisha jukwaa lenyewe.

Jukwaa lilijengwa juu ya "wa kwanza": nani kaona mbayuwayu wa kwanza, kipepeo wa kwanza. Watu hulipenda swali hili, nami sikuliondoa. Lakini tarehe ya wa kwanza hutegemea wingi wa macho. Waangalizi wakiongezeka maradufu, ndege mmoja aliyetangulia wenzake ana nafasi kubwa zaidi ya kuonekana, na tarehe inasogea nyuma hata kama kundi halikubadili chochote. Vivyo hivyo Jumamosi na Jumapili: watu wako nje, taarifa zinapanda, na grafu inaonyesha mawimbi ya kila siku saba ambayo wanyama hawayajui.

Dawa yake ni kujua nani aliangalia asione. Chukua mfano wa kukokotoa: wiki hii kuna orodha 200, kila moja ikiwa ya spishi zilizoonekana katika uangalizi mmoja, na spishi fulani imo katika 30, yaani asilimia 15. Wiki ijayo kuna orodha 300 na imo katika 45, bado asilimia 15. Ramani ya nukta itakuonyesha ongezeko la nusu nzima, na hakuna kilichoongezeka isipokuwa watu. Ukiwa na nukta 30 na 45 peke yake, bila 200 na 300, huna namna ya kugundua hilo. eBird, jukwaa la kuripoti ndege lililoanzishwa mwaka 2002 na taasisi ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la Audubon, humwuliza kila mtumaji kama ameandika spishi zote alizoweza kuzitambua. Swali hilo dogo ndilo linaloifanya orodha yake iweze kusema pia ni nini hakikuonekana.

Niligawa basi njia ya kutuma taarifa mara tatu. Kuna taarifa ya haraka, ya mtu aliyekuwa njiani akaona: spishi, idadi, mahali, wakati, picha kama ipo. Kuna uangalizi kamili, unaoongeza saa ya kuanza, dakika, umbali uliotembewa, idadi ya waangalizi, na lile swali la orodha kamili. Na kuna kituo cha kudumu, yaani mahali pamoja ambapo mtu huenda angalau mara moja kwa wiki msimu mzima. Kituo husajiliwa mara moja, kisha kila ziara ina kitufe kikubwa cha "nimeangalia, sikuona" sawa kabisa kwa ukubwa na kile cha "nimeona". Usawa wa vitufe una maana yake. Kitufe cha sifuri kikiwa kidogo na cha kijivu, mtu anahisi ameshindwa, na harudi.

Palipoharibika ni hapa. Mwanzoni programu ilijaza sifuri kwa kila spishi isiyotajwa, hata kwenye taarifa za haraka. Ni kosa baya, kwa sababu aliyepiga picha ya nyangumi hakusema kwamba hapakuwa na kiumbe kingine. Sifuri huzaliwa tu kutoka kwenye orodha kamili au ziara ya kituo. Tulizifuta sifuri zote za bandia, na tuliweza kwa sababu kila ingizo lilikuwa na alama ya lilikotoka. Bila alama hiyo zingechanganyika na za kweli milele. Kosa la pili, watu walibonyeza "sikuona" wakiwa nyumbani, kwa nia njema, ili wasiache pengo. Sasa ziara inahitaji dakika za uangalizi, na chini ya 5 haihesabiwi katika uchambuzi. Kando ya kitufe tuliandika kwamba wiki iliyorukwa haina tatizo. Na kweli haina: pengo linajulikana kuwa ni pengo, ila sifuri ya uongo haijulikani.

Faida nyingine ilijitokeza mwishoni mwa msimu. Kuondoka kwa wanyama ni kugumu kukusanya kuliko kuwasili, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba huyu aliyemwona leo ndiye wa mwisho. Ziara za sifuri zinazofuata ndizo zinazolijulisha hilo. Kwa hiyo kumbusho la kila wiki la kwenda kuangalia halikomi spishi inapoonekana. Linaendelea mpaka kituo kitoe sifuri wiki nne mfululizo.

Idadi nayo ilihitaji kurekebishwa. Fomu ya zamani ilikuwa na mafungu kama "1–10" na "zaidi ya 100", na kundi la korongo 120 likawa sawa na la korongo 4,000. Nilibadilisha yakawa namba moja, na hiari ya kuweka kadirio la chini na la juu. Kundi kubwa lihesabiwe hivi: hesabu kumi, tazama wanachukua nafasi kiasi gani, pima nafasi hiyo juu ya kundi mpaka ufike mia, kisha songa kwa mia. Piga picha ya kundi zima kabla hujaanza, maana mara nyingi ndiyo itakayokusahihisha. Kuhusu mwelekeo wa safari tuliweka mishale minane badala ya majina, kwa sababu upepo wa kaskazini ni unaotoka kaskazini, na ndege "wa kaskazini" kwa wengine ni anayeelekea kaskazini. Maneno yalichanganya watu na mshale ukawanyoosha.

Nje ya mtandao kazi ilikuwa nzito. Wanyama wanaohama hawafuati minara, hivyo taarifa lazima ihifadhiwe ndani ya simu na kutumwa baadaye. Simu yenyewe huipa kila taarifa kitambulisho cha kipekee pale inapoandikwa, kabla haijatumwa. Mtandao ukikatika katikati na simu ikajaribu tena, seva inaona kitambulisho kilekile na haiandiki mara ya pili. Kabla ya hapo tulikuwa na makundi "mapacha" ambayo yalitokana na mtandao dhaifu tu. Picha hupunguzwa kwenye simu hadi pikseli 1,600 kwa upande mrefu, ubora wa JPEG 80. Lakini angalia mpangilio: kupunguza picha ndani ya kivinjari hufuta maelezo yaliyofichwa ndani yake, yaani saa na mahali ilipopigwa. Soma maelezo hayo kwanza, yahifadhi, ndipo upunguze. Picha zilizopitia WhatsApp huwa zimeshapoteza maelezo hayo, basi fomu isizitegemee.

Kwenye iPhone kuna la kuzingatia zaidi. Tangu mwaka 2020 Safari hufuta data iliyohifadhiwa na tovuti baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila mtu kuigusa tovuti hiyo. Mwangalizi aliyekaa porini siku kumi akitumia Safari kwa mambo mengine anaweza kurudi akakuta taarifa hazipo. Tovuti iliyoongezwa kwenye skrini ya mwanzo haiguswi na kanuni hiyo, kwa hiyo tunawaelekeza watumiaji wa iPhone waiongeze kabla ya safari. Safari pia haitumi taarifa kwa nyuma tovuti ikiwa imefungwa. Tuliweka ukanda mwekundu juu ya ukurasa unaosema "Taarifa 3 hazijatumwa" na kitufe cha "Tuma sasa".

Katika ukaguzi, kanuni niliyoisimamia ni kwamba hakuna taarifa ya mwangalizi inayofutwa na hakuna inayokataliwa mlangoni kwa kuwa ni ya ajabu. Kila spishi ina kikomo cha idadi kwa kila eneo na kila mwezi. Ukikivuka, fomu hukuomba maelezo ya mstari mmoja au picha, kisha huipokea taarifa na kuipeleka kwa mkaguzi. Vikomo viliwekwa na wenye kuzijua spishi za eneo husika. Ukivikokotoa kutokana na taarifa za zamani peke yake, makosa ya zamani yanageuka kuwa sheria. Jina alilotoa mwangalizi hubaki kwenye safu yake, na la mkaguzi huandikwa kando, pamoja na tarehe na sababu. Fomu humwonyesha pia mtumaji wale wanaofanana: anayeandika mbayuwayu anaonyeshwa teleka, mwenye mabawa marefu kama mundu, anayeandika kipepeo Danaus plexippus anaonyeshwa Limenitis archippus, ambaye mstari mweusi hulikata bawa lake la nyuma. Kwa nyangumi wa nundu tunaomba picha ya upande wa chini wa mkia, kwa sababu madoa na makovu ya hapo humtofautisha mmoja na mwingine, na hivyo watu watano waliomwona nyangumi mmoja hawahesabiwi kama nyangumi watano. Taarifa zao tano haziunganishwi kuwa moja. Hupewa namba ya pamoja, kila moja ikabaki na mwenyewe.

Jambo ambalo natamani kila msimamizi alifanye leo hii, hata kama hatagusa mengine yote, ni kuondoa maelezo yaliyofichwa ndani ya picha zinazoonyeshwa hadharani. Tulikuwa tukificha mahali pa spishi zinazowindwa huku picha yenyewe, kwa yeyote anayeipakua, ikibeba latitudo na longitudo kamili. Picha halisi sasa inakaa kwenye hifadhi ya faragha, na ya hadhara ni nakala iliyosafishwa. Kuhusu kuficha nukta, usiisogeze kwa bahati nasibu kila ukurasa unapofunguliwa, maana mtu akikusanya mara nyingi na kutafuta wastani atafika mahali penyewe. Gawa ramani kwa miraba isiyobadilika na uonyeshe mraba tu. iNaturalist, jukwaa jingine la kuripoti viumbe, hutumia miraba ya nyuzi 0.2 kwa 0.2, nasi tuliufuata ukubwa huo. Bustani za nyumbani tunazionyesha kwa mraba wa nyuzi 0.01, kama kilomita 1.1 kwenye ikweta, kwa kuwa kumlinda mwangalizi nako ni wajibu wetu.

Ramani ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Ilikuwa nzito kwa sababu ilishusha nukta zote kwenye kivinjari. Sasa seva huzikusanya kulingana na ukubwa wa mwonekano na kutuma zinazohitajika tu. Rangi hufuata wiki, kutoka njano hadi zambarau iliyoiva, bila kutumia nyekundu na kijani pamoja, ambazo wengi hawawezi kuzitofautisha. Sifuri zinaonekana kama viduara vitupu, na yeyote anaweza kuzizima.

Kwa watafiti data hutoka katika muundo wa Darwin Core, unaotumika kubadilishana data za viumbe, ambao una nafasi ya kusema spishi ilikuwapo au haikuwapo na duara la kosa kwa mita, kwa hiyo safu tulizoziongeza hazikupotea njiani. Leseni ndiyo iliyotuchelewesha. Taarifa za zamani zilikusanywa bila kumwuliza mtu kama anakubali leseni ya Creative Commons ya CC0, CC BY au CC BY-NC, na ikabidi kuwaandikia wachangiaji mmoja mmoja. Wasiojibu taarifa zao zimebaki kwenye ramani yetu, ila haziingii kwenye faili linalotolewa. Fomu ya usajili sasa inauliza hilo siku ya kwanza, kabla ya nukta ya kwanza kuwekwa.